Asiye Mtu Huita Mara Moja

Vijana wa ofisi ya upimaji, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, na kwenye kadi mkaandika niwaachie maneno. Saa haitembei, nimeipeleka kwa fundi. Maneno ndiyo haya. Mmoja wenu, sitamtaja, aliniuliza mbele ya keki: "Mzee Saidi, wewe digrii huna, diploma huna, hata kidato cha nne hukukanyaga. Hii kazi uliipataje?" Mkacheka wote, na mimi nikacheka, nikala keki yangu. Sikumjibu. Leo namjibu, ila asitegemee kucheka tena.

Vyeo sitaviandika. Nilipata viwili tu katika miaka thelathini na saba, na hakuna kilichoniongezea kiti. Mshahara mnaujua, mlikuwa mkiuona kwenye viatu vyangu.

Mimi ni mtu wa Ziwani. Nyumbani niliitwa Kibiriti kwa ajili ya hasira za karibu. Jina hilo alinipa kaka yangu Bakari, na mjini hapa hakuna hata mmoja aliyewahi kulijua. Tulikuwa wawili kwa mama, baba alishafariki. Mimi niliishia darasa la saba. Bakari hata huko hakufika, lakini ndiye aliyetulisha: msimu wa korosho yuko shambani, msimu ukiisha anakwenda mdomoni mwa Ruvuma kukata boriti za mikoko. Mwaka mmoja, mvua zilipokatika, alikwenda na hakurudi. Wenzake walisema alibaki nyuma kidogo ndani ya mikoko, wakamsubiri, wakamwita, mpaka maji yakawafukuza. Ng'ambo ya mto miaka ile kulikuwa na vita. Watu walikuwa wakipotea, na watu walikuwa wakitokea. Mama alikataa matanga. Alisema hajaona maiti, na sahani ya Bakari akawa anaiosha kila siku pamoja na zetu.

Alikuwa na maelezo yake ya kilichotokea. "Ameitika," alisema. Kwetu mtoto hufundishwa jambo hili kabla hajafundishwa kuhesabu: ukiitwa jina ukiwa peke yako porini au pwani, usiitike mara ya kwanza. "Ntu huita mara mbili," mama husema, kwa lafudhi yetu ya kuimeza m. "Asiye ntu huita mara moja tu. Ukimjibu, kashakupata." Siku naondoka kwenda Mtwara mjini kutafuta kazi, kwa kuwa mlishaji alikuwa hayupo tena, aliniapisha juu ya hilo. Nauli ya maana sikupewa.

Mtwara ya wakati ule ilikuwa ndogo kuliko hii yenu, lakini kwa mtu asiye na cheti ilikuwa kubwa vya kutosha kumkataa. Bandarini waliniambia orodha ya makuli imejaa. Kwenye bohari la korosho wakaniambia nirudi msimu ukianza. Kwenye ofisi moja karani alitaka cheti, nikampa changu cha darasa la saba, akakigeuza nyuma kuona kama kuna kingine. Nilikaa wiki tatu kwa shangazi yangu, naondoka alfajiri ili watoto wa shangazi wasione ninavyoondoka bila pa kwenda. Hasira nilizokuwa nazo zingeweza kupika maharage.

Wiki ya nne nilisimama kwenye geti la ofisi yetu. Mpima ardhi wa siku zile alikuwa Mzee Komba, mtu wa Songea, Mkatoliki, mrefu, mkavu, msema machache. Msaidizi wake alikuwa ameacha kazi asubuhi ile ile kwa sababu ya nyigu. Nikamwamkia shikamoo, nikajieleza. Hakuniuliza cheti. Alinipa panga, akanipeleka nyuma ya ofisi kulikokuwa na kichaka, akasema, "Nifungulie mstari mpaka kwenye ule mkorosho."

Nikafyeka. Nilipomaliza alisimama mwanzoni, akafumba jicho moja, akatazama.

"Nani kakufundisha kunyoosha?"

"Baba yangu, mzee. Korosho zetu tunapanda kwa kamba."

"Wenye vyeti huwa wananikatia kona," alisema. Nikaanza kazi siku ile, kibarua wa miezi mitatu. Nikifaa, jina langu litapelekwa niajiriwe.

Kazi yenyewe iliitwa mshika mnyororo, ingawa mnyororo wenyewe sikuwahi kuuona, tulikuwa na utepe wa chuma wa kupimia. Unabeba miguu mitatu ya mashine, unafyeka, unazika bikoni za mipaka, na zaidi ya yote unakwenda mbali na kusimamisha fimbo yenye namba ili mpima aisome kwa kuchungulia kwenye mashine. Mashine zile za zamani zilikuwa na jambo moja ambalo zenu hazina: ndani ya lenzi mtu alionekana kichwa chini, miguu juu. Siku ya kwanza Mzee Komba alinichungulisha. Nikawaona watu wa barabarani wakitembea kwenye dari la dunia, na mbingu iko chini yao. Nikauliza kama ni salama.

"Kwao salama," akasema.

Siku hiyo hiyo nilipewa fimbo, nikaenda nayo ndani ya pori karibu hatua mia tatu. Mzee Komba akaniita. "Saidi!" Nikanyamaza. Akaita tena, nikaitika. Tukasogea mbele, akaita, nikanyamaza. Mara ya tatu alikuja kwa miguu yake, jasho linamtiririka.

"Wewe ni kiziwi?"

"Hapana, mzee."

"Nakuita mara ngapi?"

Nikamweleza ukweli, maana uongo nilikuwa bado sijauzoea. Nikamweleza mpaka habari ya Bakari. Akafuta jasho. "Kwa hiyo mimi nafanana na shetani?"

"Kwa mbali sikuoni vizuri, mzee."

Akaniandikia onyo. Onyo la maandishi, siku ya kwanza kazini, na nadhani hakuna kati yenu aliyeivunja rekodi hiyo. Lakini jioni, tunafunga vitu, aliniuliza, "Mama yako kasema mdomo usiitike. Mkono je? Kuhusu mkono kasema lolote?"

"Hakusema."

"Basi nikikuita, inua mkono. Mdomo wako ubaki wa mama yako."

Ndiyo asili ya mkono, ndugu zangu. Mnaponyoosha mkono kila mkiitwa, mkidhani ni kanuni ya chuoni, ni mimi na mama yangu. Haikupita miezi miwili mkono ukawa haunisubiri tena. Nikiitwa ulipanda wenyewe, hata nikiwa nakula ulipanda na tonge.

Mwezi wa kumi tulitumwa mdomoni mwa Ruvuma kuweka bikoni za mpaka wa eneo la serikali. Mkuu wa ofisi alituita kabla hatujaondoka. Akasema majina ya vibarua watakaoajiriwa yanaondoka Ijumaa, kazi ya mtoni iwe mezani kwake kabla ya hapo. Akanitazama mimi. "Mwenye onyo akinichelewesha, nafasi yake nampa mwenye kidato cha nne. Wako kumi getini." Hakuwa anatania, niliwaona getini wakati tunatoka.

Tulikuwa watatu: Mzee Komba, mimi, na mwenye boti, mtu wa kule kule. Sikumkumbusha Mzee Komba kwamba ndipo kaka yangu alipopotelea. Alikuwa anajua. Tulifika maji yamejaa, tukafanya kazi yakiwa yanapwa. Bikoni ya mwisho ilikuwa kwenye ukingo wa tope, mikoko nyuma yake imesongamana mpaka ndani kukawa giza mchana kweupe. Mchana ule hapakuwa na ndege hata mmoja. Hilo nalikumbuka vizuri, na mtaona kwa nini. Kulikuwa na sauti ya matundu ya kaa yanayonyonya maji tu, tope zima linabwatabwata, basi.

Nilisimama na fimbo, mgongo wangu kwenye mikoko. Mzee Komba alikuwa mbele yangu hatua mia mbili, kainamia mashine. Mwenye boti alikuwa nyuma yake, kalala chomboni.

"Kibiriti!"

Ilitoka mgongoni kwangu, ndani ya mikoko. Haikuwa mbali. Na ilipandisha silabi ya mwisho juu, kama Bakari alivyokuwa akiniita nije kula shambani.

"Saidi!" Huyo sasa alikuwa Mzee Komba, kainua kichwa. "Mbona umeinua mkono? Sijakuita!"

Nikatazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu, umenyooka. Sikuwa nimeuinua mimi. Nikauambia ushuke, haukushuka, nikaushusha kwa mkono wa kushoto kama mtu anayeteremsha bendera.

"Nafukuza nzi, mzee!"

Akarudi kwenye mashine. Alichungulia muda mrefu kuliko inavyotakiwa kusoma namba moja, na niliona kabisa hasomi fimbo, anasoma nyuma yangu. Kisha akaandika, akasimama. "Imetosha. Njoo. Njoo sasa hivi."

Nilipomfikia nikamuuliza ameona nini.

"Mikoko," alisema. "Panda chomboni."

Mwenye boti alikuwa analalamika kwamba mfereji unakauka, tukizidi hapo tutalala kwenye tope mpaka maji ya kesho. Alikuwa anatusukuma kwa upondo, mashine ya boti bado haijawashwa, kwa hiyo kulikuwa kimya. Tulikuwa tumeshaiacha ile bikoni kama urefu wa kiwanja cha mpira.

"Kibiriti!"

Safari hii ilikuwa wazi zaidi. Ilikuwa imekwaruza, sauti ya mtu ambaye ameita siku nyingi na koo limemwisha. Na silabi ya mwisho haikupanda, ilikatika.

Mzee Komba aligeuka. "Umesikia?"

Mkono wangu wa kulia nilikuwa nimeukalia. Nataka mlielewe hilo: niliuhisi unaanza, nikauweka chini ya paja langu, nikaukalia kwa uzito wote niliokuwa nao. Nilihesabu upesi kuliko nilivyowahi kuhesabu shuleni. Tukirudi, maji yanatukimbia, tunalala huku, kazi haifiki, Ijumaa inapita, wale kumi wako getini, na mama yuko Ziwani hana mlishaji.

"Ni ndege, mzee," nikasema.

"Ndege?"

"Ndege."

Alinitazama usoni, akatazama mahali mkono wangu ulipopaswa kuwa. Angengoja kidogo, nilijua. Alingoja. Mimi nikatazama maji. "Haya," akamwambia mwenye boti, "washa."

Sasa nisiwazungushe. Sikuwa na shaka. Mama alinifundisha, na somo lake halikuwa refu: asiye mtu huita mara moja. Ile sauti iliita mara mbili. Nilijua pale pale, nimekalia mkono wangu, kwamba ni mtu, na ni mtu gani.

Ijumaa majina yalikwenda, na langu lilikuwamo. Nilipopata barua ya ajira nilimpelekea mama kanga na sukari. Alishukuru, kisha akauliza, akiwa ameinamia moto, "Na kule mtoni, hukuitwa?"

"Sikuitwa, mama."

Mtaniuliza kwa nini sikurudi. Nilipanga kurudi Jumapili. Ile Jumapili ikawa Jumapili ya mwezi ujao, na ya mwezi ujao ikawa ya baada ya Ramadhani. Ningerudi ingekuwa nakiri kwamba nilisikia, na kadiri siku zilivyozidi ndivyo kukiri kulivyozidi uzito. Nilijiambia majini wa siku hizi wamejifunza kuhesabu mpaka mbili. Nilikwenda baada ya miaka miwili, kukagua zile bikoni, nikasimama pale pale, nikaupa mgongo mikoko makusudi. Nikasubiri mpaka maji yakanifika magotini. Hakuna aliyeita. Mkono ulining'inia tu.

Mengine yote ya kazi mnayajua au mtayajua. Chongeni vigingi vya mstari virefu kuliko mnavyodhani mnahitaji. Timazi msiitundike kukiwa na upepo halafu mkaiamini. Mikindani nilipima nyumba moja ya mawe mara nne, ndugu wawili wanagombea ukuta, kila nikimaliza ukuta umesogea shubiri moja; sikuwahi kujua ni mimi, ni utepe, au ni wao usiku na nyundo. Ilipokuja gesi ardhi ikapanda moto, watu ambao hawakuwahi kuijua mipaka yao wakaijua kwa inchi. Zikaja mashine za satelaiti, hakuna tena wa kupiga kelele porini, mkawa mnaongea kwenye simu za upepo. Nilizipenda. Hazikuwahi kuniita kwa jina la nyumbani. Na kazi za Ruvuma, kama mlivyoona, nilibadilishana na yeyote aliyekubali, hata kwa kufyeka kwenye upupu. Mlidhani naogopa mamba.

Mzee Komba alistaafu mimi nikiwa na miaka kumi kazini. Nilimsindikiza stendi, basi la Songea. Mizigo imeshapanda, akaniuliza, kama mtu anayeuliza saa: "Saidi, yule ndege wa mtoni. Alikuwa ndege gani?"

Nikasema, "Simjui jina, mzee."

"Mm," akasema. Akatazama viatu vyake. "Nilikuwa nageuza boti mimi. Ungesema tu. Na jina lako nilikuwa nimeshalipeleka Jumatatu, kabla hatujaondoka. Mkuu alikuwa anakutisha, ndivyo alivyokuwa."

Akapanda basi. Sikumwona tena. Kwa hiyo kijana wa keki, jibu lako ndilo hilo. Kazi niliipata kwa kunyoosha mstari mpaka kwenye mkorosho, wiki ya nne, kwa panga la watu. Nilichokitoa kule mtoni hakuna aliyekuwa ananidai. Nilikitoa bure.

Hapo ningeweza kuacha, lakini juma lililofuata baada ya kuniaga nilikwenda Ziwani. Mama yu hai. Macho yamekwisha ila vidole havijakwisha. Nilimkuta barazani, adhuhuri, anamenya mihogo ya makopa na kuitandaza juani. Nikaketi, nikachukua kisu cha pili. Nimeshika kazi miaka thelathini na saba kwa ajili ya uongo mmoja, na siku ile kazi ilikuwa imekwisha, uongo ukabaki hauna pa kukaa. Nikamwambia yote. Nilimwambia habari za nzi, za ndege, za mkono. Nililia, mtu mzima na mvi zangu.

Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Alikuita mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

Kisu kilisimama. Akakaa hivyo, muhogo mkononi umemenywa nusu.

"Mimi huniita mara moja tu," akasema.

Sikuelewa. Nikamuuliza nani anamwita.

"Bakari. Huniita kule shambani, mara moja, 'Mama!', kisha kimya. Siitiki. Najua asiyeita mara ya pili si ntu tena. Nikawa najiambia labda sauti nyingine humezwa na upepo, ndiyo maana matanga sikuweka. Lakini wewe alikuita mbili."

"Mbili, mama."

"Basi siku ile alikuwa ntu bado."

Nikamuuliza alianza kumsikia lini, na nilikuwa naogopa kuuliza kuliko nilivyoogopa kitu chochote ndani ya ile mikoko.

"Mvua za msimu ule ule uliopata kazi," alisema. "Siku ya mvua ya kwanza, nilikuwa napanda. Kabla ya hapo hakuwahi."

Akaumalizia muhogo wake, akautandaza. Akaniambia niende kwa mwalimu wa madrasa, waje Ijumaa wamsomee Bakari khitma, na jina nimtajie mimi. Nikainuka kwenda.

Mtoni tulikwenda mwezi wa kumi. Mvua za msimu ule zilichelewa sana, hazikunyesha mpaka mwezi wa kwanza, miezi mitatu baadaye. Nakumbuka wakulima walivyomshukuru Mungu, korosho zote zilikauka vizuri.